Miaka mitatu bila shida ya pombe, na kibali kikamponyoka

Mwaka 1981 Jeshi la Majini la Marekani lilimwajiri kibarua aitwaye Egan kwenye karakana ya nyambizi za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington. Kazi ilikuwa ya mikono, lakini nyambizi hizo hubeba silaha za nyuklia, kwa hiyo hata kibarua sharti awe na kibali cha usalama. Mwaka 1983 alinyimwa kibali, na kazi ikaenda nacho. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa mwaka 1988, na hadi leo ndiyo inayotajwa kila mtu anapoambiwa kwamba kibali cha usalama si haki ya mtu yeyote.

Hilo linajulikana. Mimi nilinaswa na aya moja ya maelezo ya kesi. Pamoja na hukumu za kushambulia na kumiliki bunduki, na makosa mengine ambayo hakuyaandika kwenye fomu, Egan alinyimwa pia kwa sababu alikiri mwenyewe kwamba pombe iliwahi kumsumbua, na kwamba siku 28 za mwisho za kifungo chake alizimalizia katika mpango wa kutibu ulevi. Alijitetea kwamba adhabu zake ameshazitumikia, kwamba mambo ya zaidi ya miaka saba nyuma hakuona kama yanamhusu tena, na kwamba kwa miaka mitatu pombe haijawa shida kwake. Je, miaka mitatu inatosha? Mahakama haikusema. Mbele yake lilikuwa swali la nani mwenye mamlaka ya kupima jambo hilo, na jibu likawa: serikali yenyewe.

Nilimsomea aya hiyo wakili mmoja mzaliwa wa Moshi anayefanya kazi Maryland, ambako Waafrika Mashariki waliopata uraia wanaomba kazi zinazodai kibali. Mdogo wangu, akaniambia, huyo Egan naonana naye kila wiki.

Anaowaonea uchungu zaidi ni wale walioamini kwamba yamekwisha. Kijana anakamatwa akiendesha gari amelewa. Wakili wake anamtafutia nafuu, shtaka linashushwa kuwa uendeshaji wa hatari, na baada ya muda jimbo linafuta kumbukumbu. Kisha inakuja fomu SF-86, yenye kurasa zaidi ya 120, inayouliza kama umewahi, wakati wowote maishani, kushtakiwa kwa kosa linalohusu pombe. Kufutiwa na jimbo hakumwondolei wajibu wa kujibu. Akiandika hapana, bia za usiku ule zinasahaulika. Sasa anaulizwa kwa nini alidanganya, na uongo kwenye fomu hiyo unaweza kumfunga.

Akisema kweli, kosa moja la zamani lisilojirudia mara nyingi husameheka. Mwongozo wa kupima waombaji wa vibali unaotumika tangu Juni 2017 unaangalia muda uliopita na mabadiliko ya mtu, na pombe haina zuio la kisheria kama lile linalowahusu watumiaji wa dawa za kulevya. Yanayosumbua ni makosa mawili, matatu, na daktari aliyeshaandika kwamba mtu huyu ana ugonjwa wa ulevi.

Hapo wakili alikaa muda mrefu. Mtu ambaye daktari hajamwandikia hivyo anaruhusiwa glasi yake ya kiasi. Aliyeandikiwa na kushauriwa aache kabisa, bia moja kwenye harusi ya binamu inahesabika dhidi yake, hata kama hakulewa wala hakugusa usukani. Ukisoma hukumu za DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza rufaa za wafanyakazi wa makandarasi, zilizowekwa mtandaoni bila majina, utakuta chupa zimehesabiwa: ngapi, kwa saa ngapi, kipimo cha pumzi kilisoma nini, nani aliendesha kurudi nyumbani. Wakili huwauliza wateja wake hayo yote kwanza ofisini kwake, mlango umefungwa, na wapo wanaolia wakijibu. Watu wazima, wenye watoto.

Nikamuuliza: kaka, basi akae miezi mingapi bila kunywa? Hakuna idadi. Bodi ya rufaa ya DOHA imekataa kuweka mstari, na kila jaji anapima mtu aliye mbele yake. Mimi naona ni heri kuliko kipimo kimoja kwa wote, ingawa anayesubiri hana cha kushika.

Lililomkera zaidi alilisema mwisho. Wapo wanaojua wanahitaji msaada na hawajawahi kukamatwa. Wanamwuliza waende kwa daktari kabla ya kujaza fomu au baada, maana fomu inauliza hata matibabu uliyoyatafuta kwa hiari. Yeye huwaambia waende leo, kwani mwongozo wenyewe unampa uzito anayekwenda kutibiwa. Baadhi hawaendi.