Moduli za JavaScript: Kila Jina na Daftari Lake

Brendan Eich alipoiunda JavaScript mwaka 1995, kurasa za wavuti zilikuwa ndogo, na skripti zote za ukurasa mmoja ziliweka majina yao katika uwanja mmoja. Leo ukurasa wa duka hubeba faili nyingi zilizoandikwa na watu wasiojuana. Tuseme faili ya kwanza ina `var jumla = 4500`, yaani bei, na ya pili ina `var jumla = 3`, yaani idadi ya bidhaa. Kivinjari hakilalamiki. Kinafuta 4500 na kuweka 3, na mteja akibofya kitufe cha kulipa anaonyeshwa shilingi 3. Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake: mali bila daftari hupotea bila habari.

Moduli, zilizoingia katika kanuni rasmi za lugha hiyo mwaka 2015, ndizo zilizoleta daftari. Ukiandika `type="module"` kwenye tagi ya skripti, kigeu unachokitangaza hubaki ndani ya faili yake. Kinachotoka hutolewa kwa `export`, na anayekihitaji hukiomba kwa `import`. Aliyekiomba hukisoma tu. Akijaribu kukipa thamani nyingine, kivinjari hukataa. Hata kigeu ulichosahau kukitangaza hakipenyi kimyakimya, bali huzua hitilafu papo hapo.

Wapo wanaosema kinga hii ni usumbufu. Kitufe chenye `onclick="lipa()"` kilichokuwa kikifanya kazi jana, leo kinadai kwamba `lipa` haijulikani. Ni kweli, kwa kuwa `onclick` hutafuta jina katika uwanja wa wote, na `lipa` sasa imo ndani ya moduli. Lakini dawa ni mstari mmoja: kukiunganisha kitufe kwa `addEventListener` ndani ya moduli yenyewe. Wengine husema `window`, inayobeba majina ya uwanja huo wa wote, bado iko wazi, kwa hiyo moduli si ukuta. Nao wako sahihi, kwani anayeandika `window.jumla = 3` bado analiweka jina hilo uwanjani. Tofauti ni kwamba sasa ameliandika mwenyewe, kwa makusudi, na msomaji wa msimbo analiona. Zamani kushirikiana kulitokea bila mtu kuamua. Ndani ya moduli, ni lazima mtu aamue. Kwa ukurasa unaoshika fedha za watu, uamuzi huo ni wajibu.