Mkoko wa bei mbaya, mipira ya bei poa

Wiki hii naomba tuwaweke pembeni wapendanao na visa vyao, tuingie gereji. Usifungue ukurasa mwingine dada yangu, hii inakuhusu hata kama hujawahi kushika usukani. Mjini hapa wapo vijana wanaolala njaa kwa ajili ya gari, na wapo mama zao wanaolala macho kwa ajili ya gari hilo hilo.

Gari lenyewe ni Mazda RX-7. Hata kama hujawahi kulikuta barabarani umeshaliona kwenye video: liko chini chini kama mjusi, pua ndefu, taa za mbele zimejificha na zinafumbuka zikiwashwa. Lilianza kuuzwa 1978, kizazi cha pili kikaingia 1985, cha tatu 1991, na mwaka 2002 kiwanda kikaacha kulitengeneza. Yalitoka zaidi ya laki 8. Leo hata lile la mwisho kabisa limeshapita miaka 20, kwa hiyo ukilinunua jua umeoa mtu mzima.

INJINI ISIYO NA PISTONI

Kinachowatoa jasho mafundi wengi ni injini yake. Kwenye gari la kawaida pistoni zinapanda na kushuka. Humu hakuna pistoni hata ya dawa. Kuna rota, pande la chuma lenye pembe tatu, limebinuka pande zote kama sambusa iliyoshiba nyama, linazunguka ndani ya nyumba yake. Kwenye kila pembe kuna kipande chembamba cha chuma kinachozuia moto usivuje kwenda upande wa pili. Mafundi wanakiita sili ya ncha. Sili hiyo ikivunjika, injini hiyo imekwisha habari yake, inashushwa na kufunguliwa yote.

Wazo lilikuwa la Mjerumani, Felix Wankel, na ya majaribio iliwaka kwa mara ya kwanza 1957 kwenye kampuni ya NSU. Viwanda vingi vikaigusa vikaiacha. Mazda ndio waling'ang'ania. Mwaka 1967 wakatoa Cosmo Sport, na Juni 1991 gari lao la mashindano, 787B lenye rota nne, likashinda mbio za saa 24 za Le mans kule Ufaransa, la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo.

RX-7 ya kizazi cha tatu ina rota mbili tu na cc 1,308, ambazo ni chache kuliko Corolla nyingi unazopishana nazo kila siku. Lakini toleo la kwanza la Japani lilikuwa na nguvu za farasi 255. Zinatoka wapi? Zinatoka kwenye turbo mbili zinazopokezana. Ya kwanza inafanya kazi tangu mwanzo, ya pili inaamka mshale ukifika kama 4,500. Na ili zipokezane bila kugombana, mainjinia walitandika chini ya manifodi makumi ya mipira myembamba, mingi upana wake wa ndani ni kama milimita 4. Mmoja unabeba upepo wa turbo, mwingine unanyonya, mwingine unapeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Wenye magari haya huko Marekani wanauita mkusanyiko huo kiota cha panya. Nimeuona kwa macho yangu, panya mwenyewe angepotea.

UPATU WA MAMA

Sasa njoo kwa mshikaji wangu. Tulimaliza wote kidato cha nne, mimi nikaingia kwenye kalamu, yeye akaingia kwenye mishemishe. Akapata mchongo wa kuuziwa RX-7 ya 1993 na jamaa aliyekuwa anahama mji. Mshiko wake haukutosha. Aliyemalizia ni mama yake, mama anayekaanga samaki jioni, aliyetoa zamu yake nzima ya upatu. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: gari litakodishwa kwa wanamuziki wanaopiga video, na kila hela ikiingia mama anarudishiwa kidogo kidogo.

Basi bwana, gari likaanza kuvuja oili. Likapelekwa gereji moja ambayo jina lake tuliache. Wakafungua manifodi, wakaziba palipovuja, wakafunga. Oili ikakata kweli. Lakini gari lililorudi halikuwa lile lililokwenda. Likiwa limesimama linatetemeka kama lina homa. Likiwa barabarani linachanganya vizuri, ukifika ule mshale wa 4,500 linakufa ghafla, kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma.

Jamaa aliporudi kulalamika akaambiwa: "Kaka, hii injini ni ugonjwa wa moyo. Itoe, tukufungie 1JZ ya Toyota, utalala usingizi." Bei waliyomtajia ilikuwa zaidi ya upatu wenyewe.

Nyumbani nako moto. Mama alishaliita gari hilo dudu. Kila jioni anageuza samaki huku anauliza, "Dudu limelala wapi leo?" Mshikaji hana jibu. Nilimwona anakonda kabisa.

MZEE WA ILALA

Tukaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, gereji yake ipo Ilala, uani, chini ya mwembe. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu, leteni mgonjwa." Hakukimbilia spana. Kwanza alipima kompresheni, akasikiliza mapigo ya kila rota. Rota ina pande tatu, kwa hiyo lazima usikie mapigo matatu yanayolingana. Yakalingana.

"Injini nzima hii," akasema. "Iliyopotea ni mipira."

Mshikaji akamweleza habari za 1JZ. Mzee akacheka. "Mwanangu, mtu akikosea njia humkati miguu. Unamwonyesha njia."

Kazi ilichukua siku tatu, na mimi nilikuwepo nimekaa kwenye ndoo nikiandika. Mzee alitoa waya wa betri, akang'oa manifodi ya juu. Kitu cha kwanza baada ya hapo, akasokota vitambaa safi akaziba matundu yote yanayoingia kwenye injini. Nikamuuliza kwa nini. "Nati moja ikidondoka humu, nyinyi mtarudi kwenu kwa miguu."

Halafu akapiga picha kwa simu, kila upande. Akakata tepu nyeupe vipande vipande, akaandika namba kwenye kila mpira na namba hiyo hiyo kwenye bomba unapochomekwa. Nilijaribu kuhesabu mipira, nikafika arobaini nikaacha. Pembeni alikuwa na mchoro wa mipira ya injini hiyo ameuchapisha kwenye karatasi kubwa, na hakuna alichogusa bila kuutazama. Fundi wa miaka mingi, lakini anafuata karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimheshimu hapo hapo.

Maradhi yakaanza kujitokeza. Mpira mmoja ulikuwa umezibwa kwa boliti, ule unaopeleka upepo kwenye swichi ya umeme inayoamsha turbo ya pili. Mwingine ulikuwa mgumu kama tambi mbichi, ukiukunja unavunjika. Joto la turbo kwa miaka thelathini si mchezo. Halafu kuna vali ndogo za njia moja, zinazoruhusu upepo upite kwenda tu, usirudi. Moja ilikuwa imegeuzwa. Mzee akaiweka mdomoni akapuliza, upepo ukapita. Akaigeuza akapuliza, ukagoma. "Unaona? Imefungwa kinyume. Tanki la upepo lilikuwa halijai kamwe. Turbo ya pili ingeamshwa na nini?"

Lakini kilichomfanya anyamaze kidogo ni mpira mwingine kabisa, ule wa kifaa kinachorekebisha presha ya petroli. Ulikuwa umechanika shingoni. Akatuelezea taratibu. Turbo ikisukuma hewa nyingi, petroli nayo lazima iongezeke. Mpira huo ndio unaopeleka habari. Ukivuja, habari haifiki, hewa inakuwa nyingi na petroli kidogo, moto unawaka ovyo, injini inagonga. Kwenye injini ya pistoni unaweza kugonga ukapona. Kwenye rota, mgongo mmoja mbaya na sili ya ncha imevunjika.

Akamgeukia mshikaji: "Umekuwa ukiikanyaga sana?"

"Hapana mzee. Ikianza kufa naachia."

"Basi uoga wako ndio umeokoa hela ya mama yako."

Mshikaji hakujibu kitu. Akaenda kusimama kule kwenye mwembe peke yake kwa muda.

MMOJA ATOKE, MMOJA AINGIE

Mipira mipya ilinunuliwa kwa mita, ile ya silikoni inayovumilia joto. Hapa kuna la kujifunza: silikoni ni ya upepo. Petroli na oili zina mipira yake maalumu, kwa sababu silikoni ikikutana na petroli inavimba na kulegea. Anayekuuzia mpira mmoja kwa kazi zote anakutafutia moto chini ya boneti.

Mzee hakung'oa yote kwa mpigo. Mmoja unatoka, unapimwa urefu, mpya unakatwa sawasawa na unaingia pale pale, namba kwa namba. Ndipo anashika mwingine. Zile swichi za umeme nazo alizipima moja moja, anazipa umeme anasikiliza kama zinalia "tak", kisha anapuliza kuona kama zinafungua. Mbili zilikuwa zimekufa, zikabadilishwa.

Siku ya tatu jioni akarudisha manifodi, vitambaa akavihesabu vyote alipovitoa. Ufunguo ukazungushwa. Gari likakohoa mara mbili, likawaka, likatulia. Hakuna kutetemeka. Mzee akakataza lisizimwe haraka, maana rota ikiwashwa ya baridi na kuzimwa hapo hapo inabaki imelowa petroli, kesho inagoma kuwaka. Tukasubiri mshale wa joto upande.

Tukatoka barabara ya Bagamoyo, tukaipita Tegeta. Ndani kuna nafasi ya watu wawili wazima tu, viti vya nyuma ni vya paka, na mimi ndiye niliyekuwa paka. Mzee alikuwa mbele ameshika geji ya turbo aliyoifunga kwa mpira mrefu. Gia ya pili. Geji ikasoma psi 10. Mshale ukafika 4,500, geji ikashuka 8. Moyo wangu ukashuka nayo. Kisha ikapanda tena 10, na gari likatuvuta mgongo mpaka mafuvu yakagonga viti.

"Kumi, nane, kumi," mzee akasema. "Ndivyo walivyoliumba. Punguza mwendo sasa, nina wajukuu."

USIDANGANYIKE

Gharama yote, mipira, swichi mbili na jasho la mzee, haikufika hata robo ya ile 1JZ. Tangu hapo dudu limeshaonekana kwenye video mbili, na malipo ya kwanza yalikwenda moja kwa moja kwenye pindo la kanga la mama. Bado deni ni kubwa, tusidanganyane. Mama bado anakaanga samaki, ila siku hizi anauliza, "Gari limelala wapi?" Limepandishwa cheo.

Nawe msomaji wangu, liwe RX-7 au kijigari cha kawaida, chukua haya. Kabla fundi hajachomoa mpira wowote, toa simu upige picha mwenyewe. Fungua boneti uangalie kwa chini, magari mengi ya miaka hiyo yana mchoro wa mipira umebandikwa hapo. Usikubali mtu aupake rangi juu yake. Ukiona mpira umezibwa kwa boliti, uliza sababu, usiridhike na "haina kazi hiyo". Mjapani hakuweka mpira kwa ajili ya urembo. Na gari likianza kukosa nguvu ghafla, usilikanyage kulilazimisha. Ondoa mguu, lipeleke kwa anayesoma karatasi.

Mafundi wanaokisia ni wengi na maneno yao ni matamu. Wanaoandika namba kwenye tepu ni wachache. Ukimpata mmoja, msalimie vizuri, mlipe hela yake yote, na namba yake usiigawe hovyo, foleni itakuwa ndefu. Wiki ijayo tunarudi kwa wapendanao, maana na huko nako kuna mipira iliyochomekwa pasipopaswa. Kaeni poa!