Gharama ya Uanagenzi: Nani Humlipia Fundi Kabla Hajawa Fundi?

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi na ambaye bado hajaimudu. Fasili hiyo fupi inaficha swali zito la kiuchumi. Katika kipindi ambacho mwanagenzi anaharibu mbao nyingi kuliko anazozitengeneza, hasara huwa ya nani? Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Kenya, na mapengo yaliyoachwa na majibu yenyewe.

Ikumbukwe kwanza kwamba ufundi ni ghali kuufundisha. Darasa la uhasibu huhitaji ubao, vitabu na mwalimu. Wanafunzi sitini wakiingia badala ya ishirini, gharama haiongezeki sana. Karakana haiko hivyo. Kerezo moja, yaani mashine ya kukerezea vyuma, haliwezi kutumiwa na wanafunzi wawili kwa wakati mmoja. Anayejifunza kuchomelea hula umeme, vyuma na vijiti vya kuchomelea kila siku ya mazoezi, na kazi yake ya miezi ya kwanza haiuziki. Ukimnyima vifaa hivyo, atahitimu akiwa na cheti tu.

Mnamo 2018 serikali ilianza kutoa ruzuku ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma. Karo iliwekwa kuwa shilingi 56,420, na zile 26,420 zilizosalia zingeweza kulipwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mpango huu uliwafungulia mlango vijana wengi ambao wazazi wao hawangeimudu karo. Hata hivyo, ulikuwa na kasoro ya kimsingi: kiwango kilikuwa kimoja kwa anayesomea ukarani na kwa anayesomea mitambo. Mkuu wa chuo anayejua hesabu ataona upesi kwamba mwanafunzi wa ukarani humwachia salio, ilhali wa mitambo humwachia deni. Si ajabu basi chuo chenye jina la ufundi kikijaza madarasa ya biashara huku karakana ikiwa na mashine chache. Mwaka wa 2023 mfumo huu ulibadilishwa, ufadhili, mkopo na mchango wa familia vikapangwa kwa kutegemea uhitaji wa mwanafunzi. Mageuzi hayo yalitazama mfuko wa mzazi. Bei ya vyuma vya karakana ni suala jingine.

Je, mwajiri naye? Yeye ndiye anayefaidika kwa ujuzi wa fundi, na ingetarajiwa agharimie mafunzo. Lakini mwajiri anayemfundisha kijana kwa miaka miwili anaweza kumpoteza kwa jirani anayeongeza mshahara kidogo, jirani ambaye hakutumia hata senti moja kumfundisha. Hapa anayechumia juani si yule anayelia kivulini. Kwa kuhofia hasara hiyo, kila mwajiri humngoja mwenzake afundishe. Dawa iliyobuniwa ni tozo ya mafunzo: waajiri wote hulipa, kisha anayefundisha hurudishiwa sehemu ya gharama. Tozo hii husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na agizo la 2007 liliweka kiwango chake kuwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi.

Hesabu yake ni rahisi. Shilingi 50 kwa mwezi ni 600 kwa mwaka. Tozo ya wafanyakazi hamsini kwa mwaka mzima inalingana na ruzuku ya mwanafunzi mmoja tu ya mwaka wa 2018. Isitoshe, kiasi kisichobadilika hupungua thamani kadiri bei za bidhaa zinavyopanda. Tanzania, kwa upande wake, hutoza asilimia ya jumla ya mishahara, hivyo mishahara ikipanda, tozo nayo hupanda.

Tena marejesho hayo huwafikia waajiri waliosajiliwa. Fundi wa jua kali pale Kamukunji, aliyezungukwa na vijana wanaojifunza kufua masanduku na majiko, hayumo katika hesabu hiyo. Kwake, mwanagenzi ndiye hujigharimia: ama humlipa fundi ada, ama hufanya kazi bila ujira.

Vijijini mambo yalichukua mkondo mwingine. Kuanzia 2008 serikali kuu ilitoa shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo vya ufundi vya vijana. Katiba ya 2010 ikavikabidhi vyuo hivyo kwa serikali za kaunti, na kwa muda ruzuku mahususi iliendelea kutolewa kwa ajili yake. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, ruzuku hiyo ilijumuishwa kwenye mgao wa jumla wa kaunti wa shilingi bilioni 370. Fedha hazikufutwa, ila zilipoteza jina lake. Tangu hapo chuo cha ufundi hushindana na barabara na zahanati mbele ya bunge la kaunti, na mashindano hayo hukifaa mara chache, kwa kuwa barabara huonekana na kila mpiga kura. Bajeti inapokikosa, mwalimu wa useremala asiye na mbao huichora ubaoni namna ya kuunga fremu ya mlango, na wanafunzi wakainakili madaftarini.