Kuutafuta Ukoo wa Babu Askari

Kabla ya vita vya 1914 mji wa Gisenyi, ulio kando ya Ziwa Kivu, ulikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani. Baadhi ya askari wao walitoka mbali: Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma, hata Wasudani. Septemba 1914, wakiongozwa na ofisa Max Wintgens, walikiteka kisiwa cha Ijwi. Wabelgiji walipoingia Rwanda kwa nguvu mwaka 1916, askari hao walirudi nyuma kuelekea Tabora. Wengine hawakuonana tena na jamaa zao. Hapo ndipo nasaba za watu wengi zilipokatika.

Mjukuu afanyeje leo? Nyaraka za utawala wa Wajerumani zimetawanyika: nyingine zimo katika Hifadhi ya Taifa, Dar es Salaam, nyingine Berlin. Zile za Wabelgiji zimo Brussels. Waliobatizwa hutafutwa katika vitabu vya misheni, kama ile ya Nyundo iliyoanzishwa karibu na Gisenyi mwaka 1901. Lakini babu aliyekuwa Mwislamu hatapatikana katika kitabu cha ubatizo, na bibi aliyefuata kambi huku amebeba mtoto na chungu ni nadra kuandikwa popote.

Hata cheti hupotea. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliosalia. Husimuliwa kwamba huko Mwanza walifika mamia, lakini wenye vyeti walikuwa wachache. Mwenye kulipa akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakazitimiza. Miili yao ilikuwa imehifadhi yale ambayo karatasi ilipoteza.

Basi utafutaji uanzie nyumbani, kabla ya safari ya ofisini. Mzee aulizwe jina la babu na la baba yake, jina la utani la kambini, kijiji alichokitaja, na lugha aliyoitumia alipokasirika. Aulizwe pia jina la bibi na mahali alipozaliwa. Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la msemaji na tarehe, hata kama wazee wawili wanapingana. Jamaa walio Goma, ng'ambo ya mpaka, nao waulizwe.

Mwacha asili ni mtumwa. Karatasi ya Berlin inaweza kungoja. Mzee wa miaka tisini hawezi.