Vifukofuko vyepesi? Usilaumu viwavi, angalia mbolea

Hii ni ya sisi tunaofuga viwavi wa hariri na kuuza vifukofuko mtandaoni. Hata wewe unayenunua kwa mkulima ili uuze tena, soma, itakuokoa.

Msimu mmoja niliposti picha kali: vifukofuko vyeupe vimejaa ungo. Mama mmoja anayesokota nyuzi akaagiza kilo tano. Mzigo ulipofika akanipigia: "Mwanangu, hivi vyepesi. Nikibonyeza vinaingia ndani, na uzi unakatikakatika." Nikamrudishia nusu ya pesa.

Nilidhani niliuziwa mayai mabaya. Kumbe tatizo lilikuwa shambani. Miaka mitatu nilikuwa nakata majani ya miforosadi bila kurudisha chochote kwenye udongo.

Iko hivi: kiwavi wa hariri anakula jani la mforosadi tu. Hariri ni protini, na protini hiyo anaipata kwenye jani. Jani nalo linahitaji naitrojeni kutoka ardhini. Udongo ukichoka, jani linakuwa dogo na la manjano. Kiwavi anakula lakini anakosa cha kusokotea. Tena zaidi ya robo tatu ya chakula chake chote anakula baada ya kujivua ngozi mara ya nne, zile siku saba hivi za mwisho. Majani yakiwa duni hapo, umekula hasara.

Ninavyofanya sasa (nategemea mvua, na miche yangu iko futi tatu kwa tatu):

1. Samadi. Kilo moja kwa kila mche, mara moja kwa mwaka, mvua zikianza. Iwe imeoza vizuri. Mbichi inaunguza mizizi.

2. Mvua ndefu: NPK 17:17:17, vizibo vitano vya soda kwa mche (kama gramu 25). Naweka wiki mbili au tatu baada ya kupogoa, machipukizi yakishatoka na udongo ukiwa na unyevu. Nazungushia shubiri moja kutoka shinani, nafukia.

3. Mvua fupi: CAN, vizibo vitatu (kama gramu 15), kwa mtindo uleule. Ukiiacha juu bila kufukia, mvua kubwa inaondoka nayo.

4. Usizidishe. Naitrojeni nyingi inaleta majani laini yenye maji mengi. Yanapendeza kwa macho, ila viwavi wakubwa wakiyala wanaugua kirahisi.

5. Kinyesi cha viwavi na mabaki ya majani usitupe, ni mbolea. Ila vioze shimoni kwanza, maana vinaweza kurudisha magonjwa.

6. Dawa ya wadudu isiguse majani, hata ile inayopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani. Kiwavi naye ni mdudu, atakufa.

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Ukiweza, pima udongo wako kwanza.

Sasa upande wa biashara. Tangu kupogoa hadi majani yakomae ni kama miezi miwili, na viwavi wenyewe wanalishwa karibu mwezi mmoja. Kwa hiyo usimuahidi mteja tarehe kabla hujahesabu kuanzia siku ya panga.

Na kabla hujaposti, pima. Chukua vifukofuko 50, viweke kwenye mzani. Vikate, toa pupa aliye ndani, kisha pima maganda peke yake. Mfano: vyote gramu 90, maganda gramu 18. Hiyo ni asilimia 20, namba nzuri ya kuandika kwenye tangazo. Ikishuka sana chini ya hapo, mwambie mteja ukweli na upunguze bei. Hivyo ulivyokata usitupe, wanaosokota kwa mkono na wa mapambo wanavinunua.

Msimu uliofuata nilimtumia yule mama picha ya mzani badala ya picha ya ungo. Akaagiza kilo mbili, za kujaribu. Baada ya wiki akarudi kuchukua nyingine tano.

Wewe mara ya mwisho kuweka mbolea kwenye miforosadi yako ilikuwa lini? Kama huikumbuki, anza na samadi mvua zijazo. Na mtumie mwenzako anayefuga.