Subira Katika Kuunda Helikopta Ndogo

Kuunda mfano mdogo wa helikopta ni kazi ya mikono, lakini zaidi ni kazi ya subira. Twawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe.

Tulikuwa na kasha la vipande vya plastiki vya helikopta ya Kimarekani, Sikorsky S-58, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954. Tulitamani kuigeuza iwe Wessex, ambayo Westland wa Uingereza waliiunda kutokana na hiyo hiyo. Viwiliwili vyao vyafanana, ila pua ni mbalimbali. Sikorsky ilichukua puani injini ya pistoni yenye silinda 9. Wessex ikatiwa injini ya turbini, pua ikawa ndefu zaidi, na mabomba ya moshi yakatokeza pande zote mbili.

Kwa pupa tuliikata pua ya zamani kwa kukisia tu, na kisu kikaingia kiwiliwilini milimita 2 zaidi. Ni kidogo? Kwa kipimo cha 1 kwa 72, hizo ni milimita 144 za ndege yenyewe, zaidi ya upana wa kiganja! Kasha likaharibika.

Kasha la pili tulilipima mara tatu, tukakata nje ya mstari, kisha tukapunguza kwa msasa. Pua mpya tukaiunda kwa mabapa ya plastiki yaliyogundishwa pamoja, na nyufa tukaziba. Ikasimama Wessex kamili.

Enyi vijana, kilichozidi hupunguzwa, kilichokatwa hakirudi. Basi pimeni kwanza.