Uwiano wa Pembe katika Ukataji wa Almasi ya Duara

Mng'aro wa almasi hutegemea zaidi pembe za ukataji kuliko ukubwa wa jiwe. Mwale ulio ndani ya almasi huakisiwa wote iwapo unaugonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 24.4 kutoka kwenye mstari wima wa uso huo. Ukipungukiwa, sehemu yake huvuja nje. Kwa msingi huo, mhandisi Mbelgiji Marcel Tolkowsky alikokotoa mwaka 1919 vipimo vifuatavyo: sehemu ya chini nyuzi 40.75, taji nyuzi 34.5, na uso bapa wa juu asilimia 53 ya kipenyo. Uso huo ukipanuliwa, mwanga mweupe huongezeka, lakini nyuso za mshazari zinazoutawanya kuwa cheche za rangi hupungua. Vipimo hivyo, basi, ni suluhu baina ya sifa mbili zinazoshindana.

Hata hivyo, almasi huuzwa kwa karati. Mkataji akiiacha sehemu ya chini na kina kikubwa mno ili kuokoa uzito, kitovu cha jiwe huonekana cheusi. Hivyo, uzito uliookolewa mezani pa mkataji hulipiwa na mnunuzi kwa mwanga uliopotea.